Dawa ya kikombe: huduma ya methadoni kama nilivyoiona kwa mdogo wangu

Ukitaka jibu la haraka: mpeleke. Kama ndugu yako anakula unga, yaani heroini, na mwenyewe ameshachoka nao, kliniki ya serikali ya methadoni, dawa anayokunywa mraibu kila siku badala ya unga, imezishinda huduma zote tulizozipitia sisi, za kulipia na za bure. Yenyewe ni ya bure. Ina kasoro zake na nitazitaja, baadhi zinaniudhi mpaka leo, lakini hakuna hata moja inayonifanya nilibadili neno hilo la kwanza.

Nina duka la dawa muhimu upande wa Mbagala. Mgonjwa ni mdogo wangu wa kiume, niliyemwachia ziwa. Kliniki ipo ndani ya hospitali moja ya serikali hapa Dar es Salaam. Jina silitaji, kwa sababu mdogo wangu sasa ana mahali anapofanya kazi na si kila mtu pale anahitaji kujua anapitia wapi asubuhi. Haya yote nimemsomea na ameyakubali. Huduma yenyewe haiko hapa mjini tu. Ilifunguliwa kwanza Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, baadaye ikafika Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Wenzetu wa Kenya walianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na mwaka uliofuata Malindi. Kwa hiyo hata kama huko mbali na Mbagala, mengi ya humu yatakuhusu.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshazunguka. Mama alimsomea visomo, akachinja mbuzi. Kisha familia ikakaa, ikachanga, ikampeleka soba hausi moja, nyumba ya kukaa waraibu ili waache, nje kidogo ya mji, laki mbili na nusu kwa mwezi. Nayo naitathmini kwa haki, kwa sababu ina jambo ililolifanya vizuri kuliko hospitali. Kila jioni walikaa mduara, mmoja anaongea na wengine wanasikiliza. Waliokuwa wakiongoza ni watu ambao wenyewe wamewahi kulala maskani, yaani vijiwe vya wala unga, kuiba nyaya, kufukuzwa na wake zao. Mtu wa namna hiyo akimwambia mdogo wangu "najua unachokiwaza sasa hivi," anaaminiwa. Nesi hawezi kulisema neno hilo likaingia vile. Chakula kilikuwa cha kutosha, mahali pasafi, simu hakuna, wageni Jumapili.

Ila tazama alivyopokelewa. Getini walimpekua mifuko, wakatupa risiti, wakamwingiza ndani. Hakuna aliyempima presha. Hakuna aliyemsikiliza kifua, na alikuwa anakohoa. Hakuna aliyeuliza ameanza lini, anavuta kokteli (unga uliochanganywa na bangi) au anajidunga, anachanganya na vidonge gani, amewahi kuzimika au la. Walishajua dawa yake kabla hawajamwona, nayo ni ileile kwa kila anayepita getini: kulala arosto, yaani maumivu ya kuukosa unga, kavukavu. Waliowahi kumwona mtu kwenye arosto hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba mifupa inauma kama inavunjwa, tumbo linaachia juu na chini, pua inatiririka, vinyweleo vimesimama, usingizi haupo kwa siku kadhaa. Kwa mtu mwenye afya arosto ya heroini mara chache inaua yenyewe, lakini mtu aliyekonda, anayeharisha na kutapika bila kurudishiwa maji, anaweza kufa, na chumba kile hakikuwa na hata pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini.

Alitoka amenenepa. Mama alilia kwa furaha, tukapika pilau. Hakumaliza wiki nyingi mtaani akarudi kula, akajidunga kiasi kilekile alichokuwa amekizoea zamani. Majirani walimkuta nyuma ya kibanda cha kuchajia simu, midomo imegeuka rangi, anavuta pumzi moja kwa mbali sana. Bajaji ilimwahisha hospitali, wakamchoma naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini mwilini, akazinduka. Mwili uliokaa miezi bila unga unakuwa umepoteza ule uzoefu wake, na dozi ya jana inakuwa sumu leo. Ndiyo maana kutoka soba, kutoka jela, kutoka wodini ni nyakati ambazo waraibu wengi hufa. Hili lilipaswa kuwa jambo la kwanza tunaloambiwa siku ya kumchukua. Tuliambiwa tumwombee na tusimpe pesa mkononi.

Sasa kliniki. Huendi tu dirishani ukaanza kunywa dawa. Unaanzia kwenye asasi inayofanya kazi vijiweni. Kuna vijana wanaitwa waelimishaji rika, wengi wao wenyewe wako kwenye methadoni, wanapita maskani kwa maskani wakizungumza na watu. Mmoja alimpata mdogo wangu kwa njia hiyo, siyo kwa kuletwa na sisi. Alitakiwa kuhudhuria vikao vya maandalizi kwenye ofisi ya asasi kabla ya kupewa rufaa. Mama aliona ni usumbufu. Mimi naona ndipo huduma inapoanza, kwa sababu anayefika hospitali ameshaamua, na ameshajua kwamba atakuwa anakuja kila siku, sikukuu na mvua.

Siku ya kumwona daktari alikubali niingie naye. Nilitegemea mahubiri. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwuliza habari za maisha yake karibu saa nzima na hakumlaumu popote. Unatumia zaidi ya ulivyopanga unapoamka? Umewahi kujaribu kupunguza ukashindwa? Siku yako nzima inaishia kwenye kutafuta, kutumia na kuzinduka? Ukiwa huna, unauwaza mpaka huwezi kufikiri kingine? Kazi imeharibika kwa ajili yake? Umegombana na watu unaowapenda na bado ukaendelea? Unatumia hata mahali ambapo unajua unaweza kufa? Unajua unaumwa na unga ndiyo chanzo, na bado? Kiasi kimekuwa kikipanda? Usipopata unaumwa? Na kuna lile moja lililomnyamazisha: ni vitu gani ulivyokuwa unavipenda ambavyo umeviacha? Mdogo wangu ni fundi friji, alijifunza Kariakoo, alikuwa na mikono ya ajabu. Alijibu, "Mafriji." Kisha akainama.

Baadaye nilielewa kwamba yale hayakuwa maongezi tu. Ni vigezo 11 vinavyotumika kutambua ugonjwa wenyewe. Ukiwa na viwili au vitatu, tatizo ni dogo. Vinne au vitano, la kati. Sita kwenda juu, ni kali. Mdogo wangu alijibu ndiyo karibu kwa vyote. Nimewahi kukaa na watu wazima wenye elimu yao wakabishana kama ulevi wa unga ni tabia mbaya, jini, au malezi. Huyu mama hakubishana na mtu. Alihesabu dalili kama anavyohesabu za ugonjwa mwingine wowote, akaandika jina la ugonjwa, akaandika na ukali wake. Mdogo wangu aliposikia kwamba kile alicho nacho kina jina kwenye faili na kina ngazi zake, mabega yake yalishuka. Nilikaa pembeni yake, nikaona.

Kisha mwili. Aliambiwa aje asubuhi akiwa hajala unga, ili arosto ianze kuonekana, kwa sababu dawa haianzwi kwa kusikia maneno tu. Walimpima mapigo ya moyo, wakatazama mboni za macho zimetanuka kiasi gani, kama anapiga miayo, anatokwa jasho, pua inachuruzika, mikono inatetemeka, vinyweleo vimesimama, ametulia kwenye kiti au hawezi kukaa. Kila dalili inapewa alama na zinajumlishwa. Wakapima mkojo. Wakakagua mikono na miguu kutafuta majipu ya sindano. Wakachukua damu ya VVU na ya homa ya ini, aina B na C. Majibu hayo ni yake, siyaandiki. Na kile kikohozi, ambacho soba waliona ni cha moshi, walikichukulia makohozi. Kilikuwa kifua kikuu.

Hebu rudini kidogo kwenye kile chumba cha soba hausi, vitanda vya ngazi, dirisha moja, wanaume wamelala kichwa kwa miguu, na mdogo wangu anakohoa katikati yao usiku kucha. Huduma yoyote ya uraibu, iwe ya dini, ya kulipia au ya serikali, mimi sasa naipima kwa swali hilo tu: walimchunguza nini kabla hawajaanza kumtibu? Wakishindwa kukujibu, chukua ndugu yako muondoke.

Kuhusu dawa yenyewe. Unga unakaa mwilini kwa saa chache. Mtu anakula alfajiri, ikifika mchana arosto inamgonga, anatafuta tena, jioni tena, usiku wa manane anaamka ameshikwa. Masufuria ya mama, simu yangu, mtungi wa gesi wa jirani, vyote viliondoka kwenye hizo saa za kukimbizana na arosto. Methadoni inakaa sehemu zilezile za ubongo ambazo heroini inakaa, lakini inaingia taratibu na inadumu kwa zaidi ya siku nzima. Ikifika kiwango sahihi, arosto haiji, kiu ya unga inapungua, na hata akidokoa kete moja hapati kile alichokuwa anakipata. Si jambo la majaribio. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliitumia kwa waraibu wa heroini New York katikati ya miaka ya 1960, na tangu 2005 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Wanaanza na kiasi kidogo, kwa kawaida kisichozidi miligramu 30, na mdogo wangu alikasirika. Alisema ni kama wamempa maji. Mfamasia alituita wote wawili akatueleza jambo ambalo naomba kila familia ilikariri. Methadoni inajilimbikiza mwilini kwa siku kadhaa. Kikombe cha leo kinakuta cha jana bado kipo. Mgonjwa anayeona haimshiki, akaongeza unga au vidonge pembeni, anaweza kulala siku ya nne au ya tano asiamke. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuogopa kuliko zote. Hakuna valiamu, hakuna gongo, hakuna konyagi, kwa sababu zote zinabana pumzi, na zikikutana na methadoni zinazidishana nguvu. Tulipeana zamu ya kulala naye chumba kimoja. Akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida au asipoamshika, ni hospitali saa hiyohiyo.

Dozi ilipandishwa taratibu, wakimwuliza kila mara arosto inaanza saa ngapi. Wagonjwa wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Alipofika mahali pake nilijua bila kuambiwa, kwa sababu alilala usiku mzima, na asubuhi akaomba chai kabla ya kuomba nauli.

Dirishani utaratibu ni huu: anaonyesha kadi, wanahakikisha jina na sura, anapewa dawa ya maji kwenye kikombe, anainywa palepale mbele ya nesi, anakunywa maji juu yake, anasema neno moja au mawili ili waone amemeza. Wapo wanaolalamika kwamba ni kudhalilishana. Mimi mwenye duka la dawa naunga mkono utaratibu huo kwa nguvu zote. Kikombe kimoja cha mtu mzima kinaweza kumwua mtoto, na kinaweza kumwua mtu mzima ambaye mwili wake haujazoea. Dawa ile ikianza kutembea mifukoni hadi vijiweni, itazikwa watu na kliniki itafungwa. Akikosa siku tatu mfululizo hapewi dozi ileile. Anarudishwa kwa daktari na anaanzishwa chini. Nalo hilo linatokana na ule uzoefu wa mwili unaopotea, siyo adhabu.

Nije kwenye jambo lililonifanya niiamini kliniki hii kabisa. Alipoanzishiwa dawa za kifua kikuu, baada ya siku chache arosto ikarudi. Anatoka jasho, anapiga miayo, hakai. Mtaani wakasema tulijua, methadoni inafanya kazi mwezi mmoja tu kisha inachuja. Mwenyewe alianza kutazama upande wa maskani. Mimi nilikuwa na wasiwasi na rifampisini, mojawapo ya hizo dawa za TB, maana ndiyo ile ile inayowafanya wateja wangu wa uzazi wa mpango waambiwe watafute njia nyingine. Inalichochea ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Nilifunga duka nikaenda naye. Sikuhitaji kueleza chochote. Mfamasia alikuwa tayari amemwandikia alama nyekundu kwenye faili siku dawa za TB zilipoanza, na daktari alikuwa anamsubiri ili aongeze dozi. Wakaongeza, wakapanda nayo mpaka arosto ikakatika. Vidonge vya TB wakawa wanampa palepale dirishani pamoja na kikombe, hivyo hakuruka siku. Alipomaliza miezi yake sita, wakaanza kuishusha methadoni kidogo kidogo, kwa sababu ini likirudi kwenye mwendo wake ile dozi kubwa ingekuwa ya hatari. Sijawahi kuona huduma ya kulipia ikimfuatilia mtu kwa umakini huo.

Mwenye ndugu anayekunywa ARV aulize vilevile. Zile za zamani zenye efavirenzi au nevirapini hushusha methadoni. Dolutegraviri, ambayo ndiyo wengi wanakunywa sasa, haina tatizo hilo.

Kuna wanaosema, na baadhi ni wazee ninaowaheshimu, kwamba tumemtoa kwenye ulevi mmoja tukamtia kwenye mwingine. Baba mdogo alilisema mbele ya watu kwenye arobaini ya bibi. Mimi nawajibu kwa yale ninayoyaona. Hajidungi. Haibi. Kifua kimepona. Halewi, ukiongea naye saa tano asubuhi anakujibu kama mtu aliyelala vizuri. Analipwa ujira wa wiki kwa kutengeneza mafriji na analeta unga wa ugali nyumbani. Ni kweli mwili wake unaitegemea dawa, na akiikosa ataumwa. Kuwa mraibu ni zaidi ya mwili kutegemea kitu. Ndiyo maana daktari aliuliza maswali 11 na arosto ilikuwa moja tu kati yake. Ataacha lini? Daktari alisema wanaoharakisha kutoka ndio wanaorudi maskani, na kwamba inahesabiwa kwa miaka. Ramadhani ilipofika mama akasononeka kuhusu funga, imamu wa msikiti wetu alimwambia kijana ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake kwa Mola. Kliniki ile mwezi huo ilisogeza saa za dirisha, sijui kama kwingine wanafanya hivyo, ila ombeni.

Sasa malalamiko. La kwanza ni safari. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, kila siku iendayo kwa Mungu. Dawa ni bure, nauli si bure, na mtu aliyetoka maskani jana hana hiyo nauli. Nimeona watu wanatembea kwa miguu kutoka mbali, wanafika wamelowa jasho, dirisha limebakiza dakika chache. Mwajiri gani atamwelewa kibarua anayechelewa kila asubuhi na hawezi kusema anatoka wapi? Mdogo wangu alipata bosi mwenye huruma. Wenzake kadhaa wameacha kazi ili wasiache dawa, na wengine wameacha dawa. Wagonjwa waliotulia kwa muda mrefu wakipewa dozi za kwenda nazo nyumbani, au kikombe kikisogezwa kwenye vituo vya afya vya kata, nusu ya tatizo hili itakwisha.

La pili ni nje ya geti. Wauza unga wanajua mateja wanakutana wapi asubuhi. Mgonjwa wa wiki ya kwanza, ambaye dozi bado haijamshika, anatoka na kumkuta rafiki yake wa zamani amesimama chini ya mti. Walinzi wanaliona. Wanapowafokea wagonjwa "nyie mateja tokeni hapo", wanawatawanya wagonjwa na yule muuzaji anabaki.

La tatu, wanasihi ni wachache. Ushauri nasaha unakuwa wa mbiombio, na wiki nyingine haupo kabisa. Hapa ndipo ile soba hausi inapoishinda hospitali, na natamani wangekaa meza moja. Hospitali ichunguze na itoe dawa, wale wa mduara wa jioni waje waongee na watu. Pengine kuna mahali wanafanya hivyo tayari. Kwetu mdogo wangu anaitafuta mikutano yake mwenyewe, Jumamosi, kwenye chumba cha shule.

Na la nne ndilo linaloniuma zaidi: wanawake. Asubuhi yoyote foleni karibu yote ni wanaume, na wanawake unawahesabu kwa vidole. Hawa wapo maskani, mimi nawajua, wananunua bomba la sindano dukani kwangu. Nawauzia mpya kila wanapokuja, na majirani wamenisema sana. Mwaka 2005 iliripotiwa hapahapa Dar es Salaam kwamba wasichana waliokosa pesa ya kete walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakiamini watapata masalia ya unga. Aliyesoma hilo hawezi kumnyima binti sindano safi. Lakini nikiwaambia waende kliniki wananiuliza, nisimame foleni na nani? Na yule aliyenipiga? Na yule anayenidai? Nimwache mtoto na nani? Dada mmoja alikuja miezi michache akiwa na mtoto mgongoni, mkimya, anasimama mwisho kabisa wa mstari na kuwaacha wanaume wote wamtangulie. Kisha sikumwona tena. Saa moja tu ya asubuhi iliyotengwa kwa wanawake, na nesi mmoja wa kuwapokea, haihitaji bajeti kubwa. Kwa hili kliniki yetu inapata alama ndogo sana kwangu, na nimewaambia uso kwa uso.

Kabla hujaenda, fahamu kwamba methadoni ni ya kundi la heroini peke yake. Haitibu bangi, mirungi, kokeini wala zile chembechembe za methamfetamini. Haitibu pombe. Na kwa pombe nawaonya: mtu anayekunywa gongo kutwa kwa miaka usimfungie ndani ghafla ukidhani unamsaidia. Arosto ya pombe, tofauti na ya unga, inaweza kumtia degedege na kuweweseka mpaka afe. Huyo naye ni wa hospitali, na apokelewe na daktari.

Usimpeleke amefungwa kamba. Nimeona baba mmoja kamleta kijana wake hivyo, wakamfungua, wakampa kiti na maji, wakaongea naye, na kijana akaondoka zake kwa sababu hakuwa tayari. Walifanya sawa. Anza kwa kuuliza hospitali ya mkoa au wilaya wana asasi gani wanazoshirikiana nazo vijiweni, kisha mpe ndugu yako nafasi ya kuzungumza na mwelimishaji rika bila wewe kuwepo. Siku ya daktari, ukikubaliwa kuingia, beba orodha ya kila dawa anayotumia, hata ile ya kikohozi ya dukani, hata ya mitishamba, na kama aliwahi kuzimika sema ni lini na alikuwa ametoka wapi. Tenga nauli ya mwezi mzima kando, usiichanganye na ya matumizi. Dirisha la kwetu linafunguliwa asubuhi na mapema. Anayefika wa mwanzo anawahi kazini, na anampita yule wa chini ya mti kabla hajafika.